Seva moja au kompyuta mpya 14?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni meneja wa SACCOS ya watumishi mkoani Morogoro. Makao makuu tuna kompyuta 14, na tawi letu la Kilosa lina 4. Nyingi ni za zamani, hazikubali Windows 11. Kila idara inahifadhi kazi zake kwenye mashine yake, tunapelekeana mafaili kwa flashi. Fundi wetu anashauri tununue seva moja, yaani kompyuta kuu yenye nguvu, wafanyakazi wote wafanyie kazi ndani yake. Anasema tutaokoa umeme, virusi vitakwisha na hatutanunua kompyuta tena. Mjumbe mmoja wa bodi anapinga: "Hiyo seva ikifa, ofisi nzima imekufa." Nani yuko sahihi? Na Kilosa watafanyaje mtandao ukikatika? Swali dogo la mwisho: hizi mashine za zamani tukiziuza kuna shida?

JIBU: Dada, mjumbe wenu ameuliza swali zito kuliko yote, nami nitalifikia. Kwanza niseme msimamo wangu ili usihangaike kuutafuta: kwa ofisi ya watu 18 inayoshika fedha za watu wengine, nunueni seva. Ila msiinunue kwa sababu alizowapa fundi wenu.

Tuchukue umeme, maana ndipo wauzaji wanapopenda kuanzia. Kompyuta ya mezani ya kawaida, bila skrini, inakula kama wati 90. Zikiwa 14, saa 9 kwa siku, siku 22 za kazi, mnatumia takriban uniti 250 kwa mwezi. Kwa bei ya LUKU ya Sh 357 kwa uniti, hiyo ni kama Sh 89,000. Sasa ziondoeni, wekeni teminali, yaani vile visanduku vidogo visivyo na diski vinavyofungwa nyuma ya skrini, kila kimoja wati 10 hivi. Zote 14 zitatumia uniti 28. Tatizo ni kwamba seva hailali. Ikila wati 200 usiku na mchana kwa siku 30, hizo ni uniti 144. Jumla uniti 172, kama Sh 61,000. Mmeokoa Sh 28,000 kwa mwezi, nauli ya mtu mmoja kwenda Dar na kurudi, labda na soda. Na mkiamua kutumia mashine zenu za zamani kama teminali, jambo linalowezekana kabisa, hata hiyo Sh 28,000 sehemu kubwa inayeyuka.

Faida ya umeme iko kwingine: kwenye betri. Wati 1,260 za kompyuta 14 haziwezi kubebwa na UPS, yaani kisanduku cha betri ya dharura, ya bei ya kawaida kwa muda wa maana. Seva ya wati 200 inabebwa, tena kwa saa kadhaa mkiongeza betri. Umeme ukikatika leo, kila mtu anapoteza alichokuwa anaandika, na mashine mbili tatu zinawaka zikilalamika kuhusu diski. Kwenye seva, skrini ya mezani inazimika lakini kazi yenyewe haiko mezani. Karani alikuwa katikati ya barua, ameandika "Kuhusu mada tajwa hapo", giza. Jenereta ikiwaka baada ya dakika 10 anaingiza nenosiri lake, barua ileile inafunguka, mshale unapepesa palepale mbele ya neno "hapo". Wafanyakazi wakiliona hili mara moja, hutahitaji kuwashawishi tena.

Lakini hata hilo si sababu ya kununua seva. Sababu ni salio.

Umeniandikia kwamba mnapelekeana mafaili kwa flashi, kwa hiyo najua ofisi yenu inavyokuwa mwisho wa mwezi. Orodha ya makato imefika kutoka kwa mwajiri. Mhasibu anaipandisha kwenye faili lake la Excel. Afisa mikopo ana faili lake, alilolinakili kwa mhasibu wiki iliyopita. Kwenye folda kuna "Mikopo Machi MWISHO", kuna "Mikopo Machi MWISHO KABISA", na kuna nyingine ya jina hilohilo yenye (2) mbele yake. Mwanachama amesimama dirishani anataka mkopo wa dharura. Afisa anafungua faili lake, anaona deni ambalo kwa mhasibu lilishafutwa jana, anamnyima. Au kinyume chake, na hiyo ndiyo mbaya zaidi: anaona akiba ambayo mwenzake amekwisha kuipunguza, anamkopesha mtu asiyestahili. Hakuna aliyeiba. Wote wawili wamefanya kazi yao vizuri, kila mmoja kwenye kitabu chake.

Seva inaondoa jambo hilo kwa sababu kitabu kinakuwa kimoja. Mhasibu akipandisha rejesho saa 4:10, saa 4:11 dirishani wanaliona. Hapa nataka niwe mkali kidogo: faida hii haiji kwa kununua chuma. Mkinunua seva kisha mkahamishia humo mafaili yaleyale ya Excel, kila mtu na folda yake, mtakuwa na MWISHO KABISA (2) kwenye mashine ya bei mbaya zaidi. Kinachofanya kazi ni programu ya SACCOS yenye kanzidata moja, yaani hifadhi moja ya taarifa zote, iliyokaa kwenye seva, ambayo watu wawili hawawezi kubadili salio moja kwa wakati mmoja bila mfumo kujua nani alitangulia. Kama hamna programu ya namna hiyo, anzeni na hiyo. Seva inaweza kusubiri miezi mitatu.

Faida inayofuata inawahusu wakaguzi. COASCO, wale wakaguzi wa vyama vya ushirika, wakija, au mkaguzi mwingine yeyote mliyemteua, swali lao la kawaida ni hili: nani alibadili salio hili, lini, kwa idhini ya nani? Kwenye Excel iliyo kwenye mashine ya mtu, jibu ni kukuna kichwa. Kwenye mfumo wa pamoja kila mtu anaingia kwa jina lake, na kila badiliko linaacha kumbukumbu ambayo mwenye kuliweka hawezi kuifuta. Sharti lake ni kwamba majina ya kuingilia yawe ya watu kweli. Nimeona ofisi nyingi zenye seva nzuri na nenosiri moja la ofisi nzima, limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa chini ya kibodi. Hapo kumbukumbu itasema "ofisi" imebadili salio, na mkaguzi atacheka.

Hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inawataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na wazilinde. Ninyi mna namba za NIDA, mishahara, wadhamini, warithi. Zote hizo sasa hivi zinasafiri kwenye flashi iliyoning'inizwa shingoni mwa mtu, na flashi hiyo jioni inaingia kwenye kompyuta ya nyumbani ambako watoto wanapakua michezo. Kwenye seva unafunga matundu ya flashi kwa amri moja, ofisi nzima. Mtumishi akiacha kazi Ijumaa, Ijumaa hiyohiyo unafunga jina lake, hata kama ameondoka na funguo.

Virusi, je? Fundi amekuahidi vitakwisha. Havitakwisha. Kitakachobadilika ni idadi ya milango ya kulinda. Kumbuka WannaCry, ile programu iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia tarehe 12 Mei 2017, ikazisimamisha hata hospitali nyingi za Uingereza. Microsoft walikuwa wametoa kiraka cha tundu ililopitia tangu Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao miezi miwili baadaye walikuwa bado na mashine ambazo hakuna aliyezifikia kuzisasisha. Fundi wenu anayezunguka meza hadi meza na CD yake hawezi kuzifikia 18 kwa wakati, na sidhani kama anajaribu. Seva moja anaisasisha Jumamosi mchana, Jumatatu wote wako salama. Lakini kirusi kikiingia kwenye seva, kimeingia kwa wote. Kwa hiyo namrudia mjumbe wenu.

"Seva ikifa, ofisi nzima imekufa." Ni kweli. Mwambie hivyo, usimzungushe. Kisha muulize kama fedha za wanachama mnaziweka kwenye droo 14 au kwenye kasiki moja. Mnaziweka kwenye kasiki kwa sababu kitu kimoja mnaweza kukigharimia ulinzi ambao droo 14 hamuwezi. Hoja ya mjumbe inageuka kuwa orodha ya manunuzi, na fundi akikuletea ankara isiyo na vitu ninavyovitaja hapa, mrudishie.

Seva iwe na diski zinazoandika kitu kilekile kwa pamoja, ili moja ikifa kazi iendelee mkibadilisha. Iwe na mitambo miwili ya umeme ndani, kila mmoja kwenye waya wake, angalau mmoja kwenye UPS. Kwa watu 18 hesabuni RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 2 kwa kila mtu, kwa sababu vivinjari vya intaneti siku hizi ni vilafi, ongezeni ya mfumo wenyewe na kanzidata, mtafika kwenye GB 64. Msikubali 32 kwa hoja ya "tutaongeza baadaye". Mfumo usimikwe ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya seva, siyo moja kwa moja kwenye chuma, ili siku chuma kikiungua mfumo mzima unahamishiwa kwenye kompyuta nyingine yenye nguvu na kuwashwa humo. Kompyuta hiyo ya akiba si lazima iwe seva halisi. Mashine nzuri ya mezani yenye RAM ya kutosha itawavusha siku tatu, kwa mwendo wa pole, mpaka kipuri kifike.

Halafu nakala rudufu. Diski mbili zinazofanana si nakala rudufu: mtu akifuta faili kwenye moja, limefutwa kwa zote mbili sekunde hiyohiyo. Nakala inatoka kila usiku. Moja inakaa ofisini, nyingine nje ya jengo, na mojawapo isiwe imechomekwa muda wote, kwa sababu virusi vya kudai fidia huanza kwa kuitafuta hiyo. Diski mbili za nje, moja iko ofisini wiki hii na nyingine iko kwenye kasiki la benki au Kilosa, wiki ijayo zinabadilishana. Zote zifungwe kwa nenosiri. Na kila robo mwaka fundi arudishe nakala moja kwenye ile kompyuta ya akiba mbele yako, ufungue akaunti ya mwanachama yeyote uone salio la jana. Hilo ndilo zoezi ambalo karibu hakuna ofisi inayolifanya, na ndilo pekee litakalomtuliza mjumbe wenu.

Chumba nacho. Najua mnachofikiria, stoo ya karatasi. Inafaa, ila iwe na kiyoyozi au angalau hewa inayopita, mlango wenye kufuli, na wavu dirishani. Usicheke kuhusu wavu. Mijusi wanapenda joto la nyuma ya UPS na swichi, na mjusi mmoja akilala juu ya bodi ya umeme amemaliza kila kitu mlichokilipia.

Sasa Kilosa. Anayefanya kazi kwenye seva kwa mbali hasafirishi mafaili. Kinachosafiri ni picha ya skrini inapobadilika kwenda kwake, na vibonye anavyobonyeza kurudi. Kwa kazi za ofisi kila mtu anahitaji kitu kidogo sana, kilobiti mia moja au mia mbili kwa sekunde. Watu wanne wanaenea hata kwenye laini ya simu ya 4G. Kinachokera si wembamba wa laini bali ucheleweshaji: unabonyeza herufi, inatokea baada ya nusu sekunde. Kabla ya kulipa chochote, fundi apeleke kompyuta Kilosa, apime muda wa kwenda na kurudi Morogoro siku nzima, asubuhi, mchana na jioni. Ukikaa chini ya milisekunde 100 watafanya kazi kwa raha. Ukicheza kwenye 300 watawachukia.

Wapeni njia mbili za kampuni mbili tofauti, ruta inayohama yenyewe moja ikizimika. Na unganisho lipite ndani ya VPN, yaani njia yenu ya siri ndani ya intaneti. Kuna mafundi wanaofungua mlango namba 3389 wa seva, ule wa kuingilia kwa mbali, moja kwa moja kwenye intaneti kwa kuwa ni rahisi. Ukimwona wako anafanya hivyo, msimamishe palepale. Mlango huo unagongwa na wahalifu wa dunia nzima usiku kucha, na siku wakipata nenosiri dhaifu wameingia kama wafanyakazi wenu. Njia zote mbili zikikatika, Kilosa warudi kwenye kitabu cha stakabadhi: wapokee marejesho, wasitoe mikopo, waingize kwenye mfumo mtandao ukirudi. Liandikeni kama utaratibu rasmi wa tawi, lisainiwe, ili siku hiyo mtu asianze kubuni.

Utaulizwa pia na wajumbe vijana kwa nini msikodi seva ya mtandaoni tu. Si wazo baya, na kwa ofisi ya watu watano ningewaambia mfanye hivyo, maana chini ya watu sita hivi seva yenu wenyewe haijilipi. Lakini vituo vikubwa vya seva vya kampuni za kimataifa vilivyo jirani nasi viko Johannesburg na Cape Town, ankara yake mara nyingi huja kwa dola kila mwezi, na Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini intaneti ilizorota hapa kwetu kwa siku kadhaa. Seva iliyo stoo haijui hata kama intaneti imekatika, na makao makuu mngeendelea kuhudumia watu. Kilosa wangebaki na bahati yao. Itumieni mtandaoni kwa nakala ya tatu, iliyofungwa kwa nenosiri.

Kuhusu kutokununua kompyuta tena, fundi ana ukweli fulani. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, na mashine zenu nyingi haziwezi kupanda kwenda 11. Mkinunua kompyuta mpya 18 leo, baada ya miaka sita saba mtaimba wimbo huohuo. Teminali haizeeki haraka hivyo, haina diski wala feni. Ila pesa hizo hazibaki mfukoni zote, zinahamia kwenye leseni, na hapa ndipo ankara nyingi zinapodanganya kwa kukaa kimya. Windows Server inaruhusu watu 2 tu kuingia kwa mbali kwa ajili ya usimamizi. Wengine wote, kila mmoja anahitaji leseni ya kuifikia seva na nyingine ya kufanyia kazi humo. Mfumo unavumilia siku 120 bila hiyo ya pili, kisha unakataa. Fundi anasimika, analipwa, anaondoka, na miezi minne baadaye asubuhi moja hakuna anayeingia. Office ya kununua dukani nayo haikubali kutumika na watu wengi kwenye seva ya namna hiyo, inahitaji leseni ya aina nyingine. Mdai aziandike zote kwa mistari yake. Mkizishindwa, kuna Linux badala ya Windows, na LibreOffice badala ya Office, ambazo hazina ada ya leseni, ila hakikisheni kwanza programu yenu ya SACCOS inakubali.

Jambo jingine dogo linalovunja miradi mikubwa: printa ya kuchapa vitabu vya wanachama na kifaa cha alama za vidole. Vifaa vya namna hii vilitengenezwa kuchomekwa kwenye kompyuta inayoviendesha. Vikichomekwa kwenye teminali wakati programu iko stoo, wakati mwingine vinakubali, wakati mwingine vinachapa herufi za ajabu. Vijaribuni vyote kabla ya malipo ya mwisho. Na bakizeni kompyuta kamili moja kwa ajili ya vikao vya Zoom, maana video kwenye teminali inakwama kwama.

Nenosiri kuu la seva lisiwe kichwani mwa fundi peke yake. Liandikwe, liwekwe kwenye bahasha iliyolakiriwa, ndani ya kasiki la mwenyekiti wa bodi. Fundi akihamia Mwanza au akigombana na ninyi, msianze kumbembeleza kwa simu. Akinuna kwa sharti hili, umeshapata taarifa muhimu kumhusu.

Mashine za zamani: zitumieni kama teminali kwanza, zina miaka kadhaa ya maisha kwa kazi hiyo nyepesi. Mkiamua kuziuza, zitoeni diski, mbaki nazo. Kwenye diski za kuzunguka, kufuta mafaili na kumwaga pipa la taka hakufuti chochote kwa maana halisi, na hata fomati ya haraka inaacha data palepale. Kijana yeyote wa kutengeneza kompyuta mjini anazirudisha kwa programu ya bure. Diski hizo ziandikwe juu yake zote mwanzo hadi mwisho, za SSD, zile zisizo na kitu kinachozunguka ndani, zifutwe kwa amri yake maalum, na zilizokufa zisizowaka zitobolewe kwa drili mbele ya mtu wa bodi, mwandike namba za diski na tarehe kwenye daftari la mali.